Kompyuta Iliyovalishwa Kitambaa

Imezuiwa. Hilo ndilo jibu pekee nililopewa na kompyuta saa nne na nusu asubuhi, pale mezani kwetu Njoro, na mahojiano ya kazi yalikuwa saa tano kamili, kwa video. Tangu siku hiyo nimetunza kompyuta za watu miaka minne, na neno hilo bado hunirudisha pale mezani.

Nilijitakia. Miaka miwili baada ya kuhitimu nilikuwa bado nakama ng'ombe wa mama, na kampuni hiyo ya Nakuru ndiyo ya kwanza kuniita. Basi siku moja kabla nikafuta kompyuta nzima nikaweka Linux tupu, ile ya skrini nyeusi na maandishi, ili waone mimi si mtu wa kubofyabofya. Kiburi si maungwana. Sikuweka hata programu ya kuendesha Wi-Fi, na bila Wi-Fi ningeipakua vipi?

Tundu la simu yangu lilikuwa bovu, linachaji tu, kwa hiyo sikuweza kuiunganisha na kompyuta kwa waya. Nikapakua programu kwa simu, nikachomoa memori kadi, nikaiingiza kwenye kompyuta. Ikakubali! Nikaandika amri ya kuwasha Wi-Fi. Imezuiwa. Nikaandika ya kuondoa kizuizi. Imezuiwa. Nikazima, nikawasha, yale yale.

Mama akaingia na ndoo ya maziwa. Yeye ndiye aliyeifumia kompyuta kitambaa cha kuivalisha, kama alivyofumia viti, redio na hata mtungi wa gesi.

"Jepleting, hiyo kitu iko hapa kando..."

"Mama, wachana na mimi! Hii si ng'ombe."

Alienda jikoni, nikamsikia akimimina maziwa kwenye sufuria polepole. Niliona aibu, lakini saa niliiona zaidi. Zilipobaki dakika kumi, nikamwita.

"Mama, kitu gani?"

"Hii imetokeza hapa. Inashika uzi kila nikivalisha kitambaa. Jana nikaisukuma ndani."

Ilikuwa swichi ndogo ya ubavuni, ya kuzima na kuwasha Wi-Fi. Akaivuta kwa ukucha. Taa ndogo ya buluu ikawaka, na mtandao wa simu yangu ukajitokeza kwenye skrini. Nilitaka kulia.

Aliyenihoji aliitwa Khaemba, mwenye kampuni.

"Tuambie shida ya mwisho uliyotatua."

Nilikuwa nimekariri jibu zuri, la kuazima kwa wengine. Nikaliacha. Nikamweleza ya memori kadi, ya swichi, na kwamba aliyeijua ni mama, nami nilikuwa nimemfokea.

"Wengi hutuambia makosa ya mashine tu, si yao," Khaemba akasema. Tukaongea nusu saa nyingine, akanipa amri za kuandika, nikaziandika.

"Jumatatu unaweza kuanza?"

Nilimkuta mama zizini. Nikamwomba msamaha kwanza, ndipo nikamwambia kuhusu Jumatatu.