Gurudumu Kutoka Kitabuni

Asubuhi hiyo meno ya gurudumu kubwa la mashine ya kukereza yalikuwa yamekatika, na Nkandu alifanya alivyozoea. Alifuta mikono, akafungua kitabu cha mafundi kilichoachwa na Wabelgiji, kurasa zimeshageuka manjano, akaingiza vidole kwenye mchoro na kutoa gurudumu jipya, bado lina grisi. Mchoro ulibaki palepale. Ngosa, fundi wa mashine ya jirani, alimwambia tu asichafue ukurasa.

Bila kitabu hicho karakana ingekuwa imekufa zamani, maana ghala la vipuri lilikuwa tupu tangu Zaire ilipokuwa bado inaitwa Kongo. Vipuri vilikwenda wapi, hakuna aliyeuliza. Kuta zina masikio, na vijana wa chama tawala walipenda kuegemea kuta.

Mkuu wa karakana, citoyen Kunda, yaani raia Kunda kama ilivyoamriwa watu waitane, alisikia mashine inanguruma akashuka kutoka ofisini, akaligusa lile gurudumu jipya.

"Hii pinyo ulitoa wapi?"

"Mu kitabu, chef."

Nkandu akamwonyesha. Kunda hakushangaa. Alilitazama gurudumu, akamtazama Nkandu, kisha akafunga mlango.

"Kitabu iko ya kampuni. Leta."

Nkandu akakikabidhi. Tangu hapo lori lililofunikwa turubai likawa linatoka karakana kuelekea mpakani, likinuka grisi mpya. Mashine ya Nkandu ikafa tena, akaambiwa vipuri hakuna. Huko mtaani kwake, Katuba, majirani wakanong'ona kwamba Nkandu, mwenye kitabu, ndiye anayeuza vipuri. Hata mkewe, Hortense, alipomwekea bukari, ugali wa jioni, mezani alimkazia macho.

"Baba Mwape, uniambie kweli. Ni weye?"

"Hapana, mama."

Akaitikia sawa, halafu akapekua mifuko ya koti lake.

Siku chache baadaye Kunda akawakusanya mafundi, akasema wizi umezidi. Akafungua kitabu kwenye sura ya usalama kazini, akamshika mkono Mzungu aliyechorwa pale akiwa na aproni yake, akamvuta nje na kumweka getini. Mzungu yule hakula, wala hakuomba mshahara. Mafundi walimsalimu kama bawabu yeyote.

Jioni, zamu ya Nkandu kutoka ilipofika, Mzungu alimzuia kwa kiganja.

"Mfuko."

Nkandu akaufungua. Nyuma yao lori likapiga honi. Mzungu akaenda kufungua lango, akalipungia mkono hadi likapotea barabarani, kisha akarudi kwenye mfuko, akafunua bakuli la chakula na kuchungulia ndani.