Disketi Juu ya Meko

Uvumi ulimkuta Niyonsaba sokoni Kibondo akichagua dagaa, na tangu siku hiyo ukamganda kama kupe. Mtu aliyetoka Manyovu, kule mpakani kwa wabadilisha fedha, alisema redio imetangaza: mwaka elfu mbili ukiingia, kompyuta zote za zamani zitasahau kila zilichoambiwa. Zitaamka tupu kama debe. Wengine wakaongeza kwamba zitatoa moshi. Moshi haukumtisha. Kusahau ndiko kulikomkosesha raha, maana nyumbani kwake, juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, ilikaa kompyuta kuukuu, na ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na mizinga ya nyuki mia mbili na kumi na minne.

Mumewe, Pasikali, alikuwa katibu wa kikundi cha wafuga nyuki. Zamani orodha ya mizinga ilikuwa ndani ya daftari: mti gani, ng'ambo gani ya kijito, alama gani imechongwa, mwenyewe nani. Mwaka wa tisini na sita mchwa wakalila daftari lile jalada hadi jalada. Wanakikundi wakazunguka porini upya miezi minne, mti kwa mti, na safari hii wakasema orodha ikae mahali ambapo mchwa hana jino la kufika. Binti yao, Immakulata, aliyesomea uchapaji Kigoma, alikuwa amepewa kompyuta na shirika moja lililofunga ofisi. Akaiandika mizinga yote humo, jioni baada ya jioni, kwa umeme wa jenereta ya jirani mwenye mashine ya kusaga. Printa hawakuwa nayo. Orodha ingechapwa Kigoma, siku mtu akipata safari.

Niyonsaba aliishia darasa la saba, lakini alipenda kukaa nyuma ya binti yake na kutazama vile vidole. Havikutafuta herufi, vilizijua, kama mtu anavyojua njia ya kwenda kisimani. Moyoni alikuwa akisema, huyu nimemzaa mimi.

Sasa ulikuwa mwezi wa kumi, mwaka wa tisini na tisa, na hofu yake ilikuwa na jina: Esteri. Esteri alikuwa mjane wa Habonimana. Shemeji zake walikuwa wakidai mizinga kumi na mmoja aliyoachiwa na marehemu huko Mabamba, na mkutano wa kikundi wa mwanzo wa mwaka mpya ungesoma orodha na kukata shauri. Esteri hakuwa na karatasi nyingine wala shahidi mwingine. Orodha ikipotea, amepotea na yeye.

"Mama," Immakulata alimwambia, "kompyuta hii haijui hata leo ni Jumatano. Itasahau nini?"

"Lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

"Likija litanikuta. Na zile disketi mbili nilizokupa mwezi wa saba, si unazo? Orodha nzima imo humo."

"Ninazo. Ziko mahali salama."

Immakulata akaondoka na baba yake kwenda Mabamba kukagua mizinga. Siku ya pili akaja Gharibu.

Gharibu alikuwa mfanyabiashara wa Kasulu. Alinunua vitu vya ofisi zinazofungwa, redio, feni, viti vya kuzunguka, akavipitisha vijijini kwa pikapu. Siku hiyo alikuwa na kompyuta mbili, moja nzima na moja mbovu.

"Mama yangu, hiyo yako ni babu," alisema akiichungulia ile ya mezani. "Hii yangu ni kijana. Nipe babu na madebe mawili ya asali, nikuachie kijana."

"Na mwaka elfu mbili?"

"Kijana ataupita akipiga mluzi."

"Babu unampeleka wapi?"

"Nampasua niuze viungo. Kila kiungo kina mtu wake."

Niyonsaba alifikiri kidogo tu, na hapo ndipo kosa lilipo. Alijiambia kompyuta ni chungu, majina ni mboga. Mboga ikiwa imeshapakuliwa kwenye disketi, chungu kibadilishwe, kuna ubaya gani? Akakubali. Gharibu na dereva wake wakaanza kubeba. Yeye akaingia jikoni kutoa disketi.

Juu ya meko palikuwa na uchaga wa fito, ule ambao kila nyumba ya huko inao. Hapo ndipo pa kuweka mbegu za mahindi na za maharage, moshi uzipitie, fukusi asiziguse. Miaka ishirini mbegu za Niyonsaba hazikutobolewa hata moja. Kwa hiyo alipopewa kitu cha thamani na kuambiwa akiweke salama, hakujiuliza mara mbili. Alizifunga disketi kwenye kitambaa, akazilaza kati ya mbegu za maharage, mahali pa heshima, katikati ya moshi.

Akafungua kitambaa. Disketi zilikuwa zimejikunja kama ngozi ya mbuzi iliyosahauliwa juani. Masizi yamezipaka pande zote, na vile vibati vyake vya kuteleza vilikataa kusogea.

Alitoka nje, kitambaa mkononi. Kompyuta ilikuwa tayari ndani ya pikapu, imefungwa kamba.

"Ishusheni."

"Mama yangu, tumeshapatana."

"Tulipatana nikiwa mjinga. Nimeerevuka sasa hivi, jikoni. Ishusheni polepole."

Gharibu akacheka. "Mjinga akierevuka mwerevu yu mashakani. Haya, dereva, fungua kamba."

Immakulata aliporudi, mama yake alimweleza yote kabla hajavua viatu, tena akiwa amesimama. Binti alizichukua zile disketi, akazigeuza, akazinusa.

"Zinanuka maharage."

"Nilitaka wadudu wasizile."

"Hawakuzila, mama." Akaziweka mezani. "Kosa tugawane. Nilisema mahali salama, sikusema mbali na joto."

Hakuna neno jingine la lawama lililomtoka, siku hiyo wala baadaye. Aliiwasha kompyuta. Ndani yake kukasikika sauti, tik, tik, tik, ambayo haikuwapo kabla ya kupakiwa kwenye pikapu. Immakulata akaizima hapo hapo.

"Basi tununue ile ya Gharibu," Pasikali alisema.

"Ile haijui hata mzinga mmoja, baba. Hii inaijua yote, ila imechoka. Kwanza tuyahamishe majina. Ya kubadili au kuongezea tutaamua majina yakishakuwa salama."

"Tuipeleke Kasulu kwa fundi?"

"Kwa barabara ile? Itafika unga. Fundi ndiye aje."

Fundi aliyemtaka alikuwa Apoline, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, aliyetengeneza kompyuta za ofisi za kambini. Gharibu alikubali kumbeba akipita Makere, na kuleta pia ile kompyuta yake mbovu, ambayo diski yake ya ndani, ile inayotunza maandishi, ilikuwa bado nzima. Jumanne mchana Apoline akashuka kwenye pikapu, mwembamba, kibali cha kutoka kambini kikiwa kifuani, bisibisi tatu ndani ya soksi.

"Maman, mugonjwa iko wapi?"

Alifungua mgongo wa kompyuta, akatoa viganja viwili vya vumbi jekundu kwa unyoya wa kuku. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye diski na mpini sikioni, akasikiliza kama mkunga.

"Iko na pumzi. Lakini nataka nusu saa ya umeme yenye haitetemeki. Ile moulin ikianza kusaga, courant inashuka, na sisi tunakufa."

Niyonsaba akasema hiyo kazi ni yake. Alikwenda akasimama mlangoni pa mashine ya kusaga, mikono kiunoni. Wanawake saba walikuwa wamefika na mahindi vichwani.

"Leo hatusagi?" mmoja aliuliza.

"Nusu saa."

"Kwani kompyuta yako inajifungua?"

"Ndiyo, iko kwenye uchungu. Ngojeni."

Wakacheka, wakaketi juu ya vikapu vyao. Mwenye mashine alikuja kulalamika, akatazama uso wa Niyonsaba, akarudi kuketi karibu na jenereta yake. Niyonsaba alihesabu dakika kwa kuhesabu punje zilizomwagika chini.

Kisha akaitwa. Kwenye kioo mistari ilikuwa ikipanda, mti wa mtundu, mti wa mninga, alama ya msalaba, alama ya jembe. Majina yote yalikuwa kwenye diski ya Gharibu.

"Sasa tujaribu mwaka elfu mbili," Immakulata alisema, "maana mama hatalala." Akaisogeza saa ya kompyuta hadi usiku wa mwisho wa mwaka, dakika moja kabla. Wakangoja. Dakika ikapita. Hapakuwa na moshi. Tarehe ilipoonekana, ilisema ni mwaka wa themanini, na mizinga mia mbili na kumi na minne ilikuwa palepale.

"Inazani tuko mwaka wa themanini," Apoline alisema. "Hata miye ningependa kurudia kule."

Hapo ndipo shauri la kompyuta lilipokatwa, na Immakulata ndiye aliyelikata. Babu abaki. Diski ya Gharibu ikae ndani yake, abadilishiwe betri yake ndogo kama kifungo, aongezewe kipande kimoja cha kumbukumbu. "Kazi yetu ni kuandika majina," alimwambia Gharibu. "Lori la kubebea chumvi ya mboga la nini?" Gharibu akachukua debe moja la asali kwa diski yake, akasema nyumba hii ina watu wagumu, na alisema kwa heshima.

Jioni mbili zilizofuata Immakulata alisoma orodha kutoka kwenye kioo na Niyonsaba akaiandika kwa mkono, kwa mwandiko wa darasa la saba, mstari kwa mstari. Karatasi hizo ndizo zilizosomwa mkutanoni. Mizinga ya marehemu Habonimana ilitajwa kumi na mmoja, mti na alama yake, na mbele ya kila mmoja jina la mrithi, Esteri, kama marehemu mwenyewe alivyoandikisha. Kikundi kikakata shauri kwamba ni yake; shemeji zake walitazamana, wakainuka. Esteri aliomba asomewe tena, kisha akaomba tena.

Tangu hapo, mwanamke akimwambia Niyonsaba kwamba kwao wana kompyuta iliyochoka, yeye humwambia aepuke haya:

Usiitoe kompyuta kuukuu kabla ya kuona kwa macho yako kwamba kilichomo kimehamia kwingine.
Usiweke disketi juu ya meko, juani, wala karibu na sumaku ya spika ya redio.
Usiweke nakala zote nyumba moja.
Usiendelee kuiwasha ikianza kulia ndani.
Usiisafirishe kwenye barabara mbovu kama fundi anaweza kuja.
Usinunue kwa sababu ya uvumi.
Usifiche ulichoharibu. Sema siku hiyo hiyo.