Nyigu wa Bomba la Pili

Hesabu naijua kuwashinda wahandisi wote waliopita kwenye maghala haya. Nadanganya: niliishia darasa la saba, na kugawanya nilikuwa namwangalizia jirani. Lakini moja ukijumlisha na moja sikosei, na kwa hiyo hiyo nimemlipa Bwana Tai alichomtenda mume wangu.

Maghala ni mawili, yanapakana ukuta mmoja wa mabati. Kila moja lina mabomba yake darini ya kumwaga maji pale moto unapozuka, ila yote yanategemea pampu moja. Mhandisi, tunayemwita Bwana Tai kwa sababu tai haivui hata akipanda ngazi, alipiga hesabu ya kila ghala peke yake, akaandika kuwa maji yanatosha. Mume wangu, mtunza pampu, akamwambia moto ukiwaka penye ukuta ule, pande zote mbili zitamwaga kwa pamoja. Apige hesabu ya pamoja. Bwana Tai akamcheka mbele ya watu, eti babu wa spana anamfundisha kazi. Wiki ile ile mzee wangu akaachishwa kazi. Sasa anashinda nyumbani, ananikosoa ninavyochemsha chai.

Nikaapa naye ataumbuka mbele ya watu.

Mwezi uliopita nyigu wakajenga kiota cha udongo kwenye mdomo wa bomba la majaribio la ghala la pili, lile linalotoa maji nje wakati wa kupima. Mfagiaji mwingine angekibomoa. Mimi niliwalea wale nyigu kama wajukuu.

Jana akaja mkaguzi, mama mpole mwenye miwani. Nikapita na ndoo yangu, nikajifanya mjinga, nikamuuliza kama mabomba ya majaribio ya maghala yote mawili hufunguliwa kwa pamoja. Akamgeukia Bwana Tai.

"Tulifungua yote mawili Jumamosi," Bwana Tai akasema. "Presha haikutikisika."

"Hata la ghala la pili, mwanangu?"

"Hata hilo, bibi. Maji yaliruka mpaka getini."

Nikawatangulia nje, polepole, magoti yangu hayana haraka. Mkaguzi akainama penye bomba. Udongo ulikuwa umeziba mdomo wote, mkavu, bila ufa. Akaugusa kwa kalamu. Nyigu mmoja akachungulia kutoka kwenye kitundu cha kiota.

"Maji yaliyofika getini," mkaguzi akauliza, "yalipitia wapi?"

Bwana Tai akailegeza tai yake, mara ya kwanza tangu nimjue.