Jiwe la Asahel Pruett

Lucius Pruett alipanda juu ya gari la farasi, akakohoa kama mhubiri, akaanza tena hadithi ya mwanzilishi wa ukoo. Shangazi yake, Permelia, alikuwa ameketi kando ya makaburi, mikono juu ya aproni. Miaka themanini ilikuwa imemmalizia subira yote ya kusikiliza upuuzi.

"Babu yetu Asahel," Lucius alinguruma, "aliingia Kentucky hii ikiwa msitu mtupu!"

"Mtupu!" Permelia akaguna. "Na Washawnee, wenyeji waliokuwa wakiwinda humu, walikuwa nini, kulungu?"

Watu wakacheka chinichini. Lucius akajitia hamnazo. Asahel alifyeka bonde kwa mikono yake, alisema. Akapanda mahindi ya kwanza, maana enzi hizo ardhi ilikuwa ya aliyejenga kibanda na kuvuna mahindi. Mwishowe Washawnee wakamuua mlangoni pake akiilinda familia. Akinamama wakapangusa machozi. Machozi ya bure kabisa, aliona Permelia, na mengine ya njaa, maana paja la nguruwe lilikuwa limeshafunuliwa na harufu imetapakaa.

Yeye alilelewa na bibi yake, Mahala, mke wa huyo shujaa. Alijua vizuri Asahel alilima nini. Alichonga herufi za jina lake kwenye miti kudai ardhi, basi, akaenda zake kuwinda. Mahindi alipanda Mahala, mtoto mgongoni, bunduki imeegemea kisiki.

Na Mahala alikuwa amelala hapohapo, chini ya jiwe la kijitoni lisilo na jina, kama walivyozikwa wote wa wakati ule. Ni Permelia peke yake aliyebaki akijua jiwe lipi ni la nani. Akifa yeye, bibi angekuwa jiwe tu kati ya mawe. Ndiyo maana alikuwa amemwomba Lucius aandike jina la Mahala kwenye mnara mpya wa ukoo, uliongoja kusimamishwa siku hiyo, hata kwa herufi ndogo.

"Shangazi, mnara ni wa mwanzilishi," Lucius alikuwa amemjibu. "Bibi alikuwa mke tu."

Mke tu! Neno hilo lilikuwa bado limemkwama kooni.

Hotuba ilipokwisha, watu waliufuata mkate wa mahindi. Walibaki Lucius, Permelia na Bwana Gantz, mchonga mawe. Lucius alikuwa ameleta sanduku zuri la kutilia mifupa ya babu, liwekwe chini ya mnara. Gantz akachimba palipokuwa na jiwe la Asahel, alilowaonyesha Permelia. Permelia akamtazama kama mtu anayengoja chungu kichemke.

Shimo lilipofika kina cha goti, Gantz akasimama, akajifuta jasho.

"Bwana Pruett, kutoka hapa kwenda chini udongo huu haujaguswa tangu dunia iumbwe. Hakuna mtu humu."

Lucius akageuka, uso umemshuka. "Shangazi, tumekosea jiwe?"

"Hamjakosea. Hilo ndilo lake."

"Sasa yeye yuko wapi?"

"Mimi nitajuaje? Bibi alidhani Missouri. Siku moja bibi yuko shambani anapalilia, shujaa wako akatoka kwa mlango wa nyuma na farasi na bunduki nzuri. Watoto watano aliwaacha."

"Lakini Washawnee..."

"Hawakuwahi hata kumwona, maskini! Mke aliyetelekezwa nani angemwachia shamba? Mjane walimwachia. Basi bibi akachimba shimo, akalifukia, akaweka jiwe. Majirani walipofika akawaambia Washawnee wamemuua, nimeshamzika. Akalia mpaka wakamletea maziwa. Alikuwa akinisimulia huku akicheka, na mwisho anaacha kucheka, anatazama dirishani."

"Shangazi, punguza sauti, jamani! Watu watasikia!"

"Wakisikia si vizuri? Umewaita wewe waje wasikie historia. Nipande garini?"

"Unataka nini?"

"Unajua ninachotaka."

Lucius akautazama mnara, jina la Asahel likimeremeta. "Upande wa mbele umejaa," alisema kwa sauti ya kitoto.

"Wa pili hauna kitu," Gantz akasema, akichagua patasi. Alionekana kuifurahia kazi hii kuliko ile ya kwanza. "Tunaugeuza tu. Niandike nini, mama?"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Permelia hakuwa na kejeli. "Mahala Pruett. Alipanda mahindi."

Akanyanyuka, akaenda mpaka kwenye jiwe la bibi yake, akawaonyesha pa kuusimamisha mnara.

"Na babu Asahel je?" Lucius aliuliza. "Abaki nyuma?"

"Abaki huko huko. Mlango wa nyuma anaujua."