Naam, Mama

Mama mkwe alikuwa amemnunia wiki nzima, na fundi mtandao, ambaye hospitali nzima walimwita Bwana Mawimbi, hakujua amekosa nini. Lakini leo hofu hiyo ilikuwa imepata mkubwa wake. Koridoni, fundi umeme alikuwa juu ya ngazi, bisibisi mkononi, akisubiri neno moja tu ang'oe simu za zamani za ukutani. Wauguzi walishapewa simu mpya za waifai, za kutembea nazo mfukoni.

"Ning'oe au nishuke?" fundi umeme aliuliza. "Ngazi si kitanda hii."

"Subiri kidogo."

Bwana Mawimbi alikuwa kwenye dawati la chumba cha upasuaji, kompyuta mapajani. Kioo kilisema simu zote ni njema, kijani juu mpaka chini. Vyombo vya waifai vya darini alivipandishia nguvu mpaka mwisho, kwa imani kwamba mwenye sauti kubwa husikika mbali. Sasa mbona hana hakika?

Ni lile jaribio la wiki iliyopita. Mama mkwe, muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi, alitembea na simu mpya kutoka wodini hadi huku, akiongea naye njia nzima. Katikati ya korido sauti yake ikapotea. Mwingine angesema, "Sikusikii, rudia." Lakini mtu atamwambiaje mama mkwe arudie, kama mtoto anayesomeshwa? Akaitikia tu, "Naam, mama. Naam." Sauti iliporudi, akaipasisha korido.

Simu ya dawatini ikalia. Mhudumu wa upasuaji akainua. "Naam, mama... naam... haya, mama." Akaweka.

"Amesemaje?"

"Anamleta mzazi kwa machela. Anavuja damu."

"Na nini tena?"

Mhudumu akakuna shingo. "Pale katikati sikushika. Anataka damu, sijui chupa ngapi, sijui kundi gani."

"Hukumuuliza?"

"Yule mama? Muulize wewe, ni mkweo."

Bwana Mawimbi akainyakua simu ya dawatini. Akapiga. Ikapokelewa, magurudumu ya machela yakasikika kidogo, kisha kimya.

"Mama, sikusikii. Rudia."

Kimya.

Akatazama kioo. Simu ya mama ilikuwa imeshaingia koridoni, lakini bado imeng'ang'ania chombo cha wodini, kule nyuma. Ndipo alipouona ujinga wake. Chombo kile, kwa nguvu alizokipa, kilipiga kelele kama mpiga mbiu, simu ikadhani kiko karibu. Lakini simu yenyewe ina kasauti kadogo, na kasauti kale hakakifikii. Kile kijani kilikuwa cha anayesikia, si cha anayesikika.

Akaishusha nguvu ya chombo cha wodini. Vidole vikakosea tarakimu, akafuta, akaandika tena. Simu ikaachia nyuma, ikadaka chombo cha koridoni.

"...mara ya tatu hii. Chupa mbili, kundi O hasi. Hayo ni masikio au mapambo?"

"Chupa mbili, O hasi," akarudia kwa sauti, na mhudumu akatoka mbio.

Machela ikapita, milango ikafungwa. Bwana Mawimbi hakukaa, hakuondoka. Mlango ulipofunguka, mama mkwe alikuwa anavua glavu.

"Damu imewahi," alisema. "Nani aliyeniambia rudia?"

"Mimi, mama. Nisamehe."

"Na siku ile ya jaribio, ulinisikia?"

Akatazama sakafu. "Hapana, mama."

"Niliwaomba mje Jumapili, wewe na mwanangu, mnihamishie kabati. Ukaniambia naam. Nikashinda barazani nawasubiri." Akazitupa glavu pipani. "Kumbe."

"Bwana," fundi umeme aliita, "mimi huku juu nimeota mizizi."

"Shuka. Simu za ukutani zinabaki mpaka nishushe nguvu ya kila chombo, na kila korido itembewe upya."

"Nitatembea mimi," mama mkwe alisema. "Lakini nikipotea, useme."

"Naam, mama."

"Umesikia, au umeitikia?"