Milima ya Ghorofa ya Kumi na Tisa

Saa nne kasorobo ya asubuhi, siku ya Jumanne, watu kumi na wawili walikuwa wamesimama mbele ya lifti ya jengo moja la nguo za jumla katika Barabara ya Zhanqian, mjini Guangzhou, China, kila mmoja na begi lake, wakisubiri kwenda kutalii. Lifti ilikuwa ikipandisha marobota ya jinzi, na katika jengo lile robota hutangulia mtu, kwa hiyo walingoja. Jacinta, mama wa Moshi anayenunua magauni ya watoto, alikuwa amevaa jaketi zito ambalo bado lilikuwa na lebo ya sampuli. Dismas wa Songea, mtu wa simu na chaja, alikuwa akila andazi. Swalha wa Chake Chake alisimama nyuma ya wote. Alikuwa na msiba wa siku kumi na moja.

Wafanyabiashara wa Guangzhou hawatalii kwa kupenda. Viza zao nyingi huwapa siku thelathini, kisha lazima mtu atoke nje ya nchi, agongewe muhuri, arudi, agongewe mwingine, ndipo ahesabiwe thelathini nyingine. Wengi huenda Hong Kong, wakanywa chai, wakarudi. Lakini mwaka ule kampuni moja ndogo ilikuwa ikiuza safari ya utamaduni ya siku saba katika nchi ya milima ya Wabudha, mahekalu, chakula na mwongozaji vyote ndani, na nchi yenyewe ilikuwa ghorofa ya kumi na tisa ya jengo lile lile. Kampuni ilikuwa imeikodi baada ya korona, wapangaji walipohama na pango likashuka. Watu waliuliza kama muhuri wake unakubalika. Walipoambiwa unakubalika, hawakuuliza la pili.

Swalha alikuwa na sababu yake. Mama yake, Bi Shamsia, aliugua wiki sita kabla hajafa, na wiki zote hizo pasipoti ya Swalha ilikuwa kwa Murshid. Huyu Murshid alikuwa Mswahili mwenzao, mwenye miaka kumi na minane mjini, mpole, mcha Mungu, fundi wa Kichina cha ofisini. Anayetaka kuongezewa viza humpelekea yeye pasipoti, naye huipeleka kunakohusika. Kila Swalha alipompigia simu alijibu kwa sauti ya chini kwamba wakubwa bado hawajatia saini, avute subira, amwombee mama. Pasipoti ilirudi siku mbili baada ya maziko, na ndani yake mlikuwa na stika mpya ya viza inayong'aa.

Ilikuwa inang'aa mno. Swalha alikuwa ameshika nguo na karatasi za Guangzhou kwa miaka tisa, na vidole vyake vilimwambia jambo ambalo moyo ulikataa kulisikia. Alitaka kuwa nyumbani siku ya arobaini ya mama yake. Lakini kwenda uwanja wa ndege na stika usiyoiamini ni kujipeleka mahabusu mwenyewe, na aliyeko mahabusu hahudhurii arobaini ya mtu. Basi akafanya kama anavyofanya mnunuzi yeyote mwenye akili kabla ya kutoa oda ya kontena zima: akaamua kuijaribu stika kwa afisa mdogo kwanza.

Afisa huyo alikuwa na meza yake kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya kumi na nane na ya kumi na tisa. Alikuwa na mashine, mihuri miwili na kikombe cha chai chenye mfuniko. Aligonga pasipoti kumi na moja bila kuinua macho. Ya Swalha aliiweka kwenye mashine mara tatu.

"Mei you," alisema. Hakuna. Ni neno ambalo kila mfanyabiashara hulisikia mara hamsini kwa siku, rangi hii mei you, saizi hii mei you, na Swalha alilipokea kwa utulivu ule ule.

Afisa alimweleza kwa Kichina cha polepole kwamba stika ile ni karatasi nzuri tu. Kwa mujibu wa mashine Swalha hakuwemo nchini, na mtu ambaye hayumo hawezi kuruhusiwa kutoka. Hakukasirika. Alimshauri asikaribie uwanja wa ndege.

Ndipo mlango wa juu ukafunguliwa, ukaingia upepo wa baridi wenye harufu ya moshi wa misonobari, na mwongozaji akatokea. Jina lake Dechen, mwanamke mfupi mwenye mashavu mekundu, na mkononi alikuwa na kibendera cha njano. Alihesabu vichwa.

"Wali umepikwa wa watu kumi na wawili," alimwambia afisa.

Afisa alifikiri. Wali ukishapikwa umepikwa. Alisema mama huyu anaweza kupita bila muhuri, mradi arudi kwa mlango huu huu, na itakuwa kama hakwenda popote. Swalha akapita.

Nchi ilikuwa kubwa. Basi dogo liliwapeleka kwenye njia za kuzunguka majabali, mto ukiwa chini kabisa, mwembamba kama uzi wa cherehani. Dechen alikuwa amejifunza Kiswahili katika maduka ya jumla, hivyo alieleza kila kitu kwa lugha aliyoipata huko. "Rafiki, hekalu hili la zamani, kwoliti nzuri, miaka mia nne, rangi haichuji," alisema mbele ya kuta nyeupe zilizoning'inia kwenye mwamba. Jacinta alipapasa mapazia ya hariri akakadiria bei ya mita. Watawa waliwakaribisha chai yenye siagi na chumvi, Dismas akainywa akisema hii supu, ila mpishi kasahau nyama. Jioni walikula wali mwekundu na pilipili zilizopikwa na jibini. Waislamu walisali pembeni, Wakristo walisali kimoyomoyo, watawa waliendelea na zao, na hakuna aliyemkwaza mwenzake.

Siku ya nne ilikuwa imeandikwa hivi kwenye ratiba: kuvuka mlima, chai, kuonana na wale ambao hamkuagana nao, dakika arobaini, kutegemea hali ya hewa. Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Mahali njia inapovuka mlima palikuwa na bendera nyingi nyeupe juu ya miti mirefu, ambazo watu wa kule huwasimikia wafu wao. Dechen alisimamisha basi, akatoa chupa ya maji ya moto na vikombe, akasema wateremke wenye watu.

Waliteremka tisa. Watatu walibaki kwenye viti vyao wakitazama simu, na hao watatu ndio pekee katika kundi zima ambao pasipoti zao hazikuwahi kupita kwa Murshid. Kila aliyeteremka aligeuka akawatazama wale waliobaki, kisha akawatazama wenzake wanane, na hesabu ikajifanya yenyewe.

Dismas alimkuta mwanawe wa kike wa miaka minne, ambaye hadi siku ile alikuwa amemwona kwenye simu tu. Alimbeba mabegani akatembea naye huku na huku kando ya barabara.

Bi Shamsia alikuwa amekaa juu ya jiwe, amejikunyata ndani ya sanda.

"Baridi hii hakuna aliyenambia," alisema.

Jacinta, aliyekuwa amemkuta kaka yake na kuagana naye upesi kwa sababu hawakuwahi kuwa na maneno mengi, alivua jaketi lake akamfunika. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa wapi?"

"Moshi, mama."

"Ah, basi baridi umeizowea." Akamgeukia binti yake. "Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Umekonda."

Swalha alipiga magoti kwenye changarawe. Alilia kama alivyokuwa hajalia chumbani kwake, ambako ukuta ni mwembamba na jirani huamka alfajiri.

"Niliita jina lako siku ishirini," Bi Shamsia alisema. Hakulaumu, alikuwa anaeleza. "Mwisho kila aingiaye nikimwita Swalha. Hata daktari, mwanamume mwenye ndevu, nikimwita Swalha, naye akiitika, maskini."

"Pasipoti ilikuwa kwa Murshid, mama. Kila nikimuuliza ananambia bado."

"Najua. Nimeoshwa na majirani, Swalha. Nna mtoto wa kike mzima, nimeoshwa na majirani. Wameniosha vizuri, siwasemi vibaya. Lakini si mkono wako."

Swalha alisimama akaenda kwa Dechen, akaomba ile chupa. Dechen alitazama saa, akampa, na kibakuli juu yake. Swalha akarudi akakunja mikono ya baibui lake, akamwosha mama yake uso, akamwosha mikono kuanzia wa kulia, akamwosha miguu mpaka vifundoni, mara tatu tatu kama inavyotakiwa, akamfuta kwa ushungi wake. Maji yalikuwa yakifuka mvuke. Miguu ya Bi Shamsia ilikuwa na zile nyufa za kisigino ambazo Swalha alikuwa akizipaka mafuta ya nazi tangu akiwa msichana, na alipozigusa, uchungu wa wiki sita ulimjia kwa mkupuo mmoja.

"Radhi zangu unazo," alisema Bi Shamsia. "Nilikupa siku ulopanda ndege mara ya kwanza, na sijazirudisha. Hilo lisikutie homa. Ila arobaini yangu uje. Nikuone umekaa na wenzio, umevaa kaniki, unapokea watu."

"Nitakuja, mama."

"Sema inshallah."

"Inshallah, nitakuja."

Dechen akapunga kibendera. Bi Shamsia alilivua jaketi akalikunja vizuri, lebo juu, akalirudisha kwa mwenyewe na kumshukuru. Kisha akaondoka na wengine kuelekea nyuma ya bendera, akitembea taratibu, akimshika mkono yule mtoto wa Dismas.

Siku tatu zilizobaki waliona ngome, shule ya wachoraji na chemchemi ya maji ya moto, lakini habari ndani ya basi ilikuwa moja. Walihesabiana miezi. Mmoja pasipoti yake ilikaa kwa Murshid siku sabini, mwingine siku mia. Ikadhihirika kwamba ofisi ilipokataa maombi, Murshid hakuwa na ulimi wa kumwambia mtu amekataliwa, basi akazikalia pasipoti, na nyingine akazitafutia stika kwenye duka la kuchapisha lebo. Stika nyingi zilikuwa za kweli. Zingekuwa za uongo zote watu wangeshamkimbia. Siku ya sita Dismas alisema, "Tukishuka tunamfuata wote tisa. Tunamuuliza mbele za watu." Wakapeana mikono, Mkristo na Mwislamu, kila mmoja akaapa kwa anavyoapa.

Jumatatu jioni waliteremka. Afisa aligonga pasipoti kumi na moja, na Swalha alipofika alisogeza kikombe chake ili apite. Theluji iliyokuwa kwenye mabega yao iliyeyukia ndani ya lifti, juu ya robota la jinzi, na mwenye robota akagomba.

Murshid hakuwa amekaa bure wiki ile. Alikuwa amekodi ukumbi wa mgahawa mmoja wa Kiislamu kule Xiaobei, akaagiza pilau, akawaita Watanzania wote aliokuwa na namba zao wahudhurie hitma ya Bi Shamsia, Ijumaa baada ya sala. Swalha alipoingia, Murshid alisimama kumpokea na macho yalikuwa yamemwiva kwa kulia kweli. Alikuwa ameisoma juzuu yake mwenyewe, ya kwanza, bila kukosea herufi.

Wote tisa walikuwemo. Walisoma waliojua kusoma, na Jacinta na Dismas wakakaa na viatu vyao mkononi, wameinamisha vichwa. Dua ilikuwa ndefu, ikamtaja Bi Shamsia na kaburi lake. Pilau ikaja. Watu wakala. Swalha alimtazama Dismas, Dismas akatazama sahani. Muhuri wa safari alikuwa nao, lakini viza yenyewe ilikuwa imebaki na siku nane.

Ulikuwa mwisho wa mwezi. Sahani zilipoondolewa Murshid alifungua mkoba wake kwenye meza ya kona, akatoa daftari, na watu wakajipanga bila kuitwa, pasipoti mikononi. Alianza Jacinta. Akafuata Dismas. Wale tisa wote walikuwa kwenye foleni ile, nao walijuana, na kila mmoja alikuwa anamtazama aliye mbele yake kisogoni. Wengine ofisi hawaijui mlango, wengine Kichina chao ni cha kuuliza bei tu, na mtu wa pili wa kuwapelekea hawakuwa naye.

Swalha alikuwa wa mwisho.

"Nimeonana na mama," alisema.

"Alhamdulillahi," alisema Murshid. Alikuwa amesikia habari za safari ile, zimemvutia, na alikuwa akifikiria kwenda mwenyewe mwezi ujao. "Hajambo?"

"Hajambo. Anajua pasipoti yangu ilikuwa kwako."

Murshid aliinamisha macho. Alizisawazisha pasipoti mezani mpaka zikawa mlundo mmoja ulionyooka, akaziwekea kiganja juu. "Walikataa, dada Swalha," alisema polepole. "Nilishindwa kukwambia, na mama alikuwa mgonjwa. Safari hii nitaipeleka mkononi kwa mkubwa mwenyewe."

Swalha alisimama na pasipoti yake. Bila stika ya kweli hapiti uwanja wa ndege, na wa kumpatia stika ya kweli alikuwa mbele yake. Alimchukia, na chuki hiyo ilikuwa safi, haikuwa na shaka ndani yake. Akaiweka pasipoti juu ya mlundo.

Murshid alifungua kalamu, akaandika jina lake kwenye daftari. "Ya mwezi mmoja inachukua kama siku kumi, lakini siku hizi wanaikataa sana," alisema. "Ya miezi mitatu hawaikatai, ila ni wiki tano, sita. Nikuandikie ipi?"

Arobaini ya Bi Shamsia ilikuwa imebaki siku kumi na tisa, na ya mwezi mmoja ikikataliwa angebaki bila viza na bila arobaini.

"Mitatu," alisema Swalha, akaenda jikoni kuwasaidia wenzake kuosha sahani.