Jino la Mama Mkwe Lililopotea Kwenye Seva

Jumatatu asubuhi mfumo wa kliniki ya meno ulifunguka bila shida, safi, unang'aa, na hauna mgonjwa hata mmoja. Mapengo yote ya watu wazima na heshima zao yalikuwa yamefutika.

Mama Mitambo, ndivyo walivyomwita mtunza seva, alikodoa macho. Jumamosi aliipandisha seva kwenye toleo jipya la mfumo endeshi, na toleo hilo likaja na hifadhidata yake mpya, ile programu ya kutunza rekodi za wagonjwa. Sasa hifadhidata mpya ina maringo: hairithi vitu vya mkubwa wake. Inajijengea chumba pembeni, kitupu, na kungoja ihamishiwe rekodi. Ndiyo maana aliiacha ya zamani ikiendelea na kazi, akanuia kuhamisha vitu jioni ya leo kwa utulivu.

"Shemeji!" aliita. Meneja, mdogo wa mumewe, akachungulia. "Nani kagusa seva jana?"

"Kugusa? Nimefagia tu kidogo. Diski ilikuwa imejaa, nikaona programu mbili zinafanana. Mpya ipo, kuukuu ya nini? Nikaiondoa, nikauelekeza mfumo kwenye ile mpya."

"Na nakala ya akiba niliyoweka Jumamosi?"

"Lile faili kubwa? Hilo ndilo lilikuwa linajaza diski, shemeji."

Mama Mitambo alijilaani kimoyomoyo kwa kuweka nakala kwenye diski ileile, kisha akamlaani shemeji yake kwa sauti.

Chumba cha pili, mama mkwe wake alikuwa kitini, ganzi imeshapigwa mashavu yote mawili. Mdomo mzima ulimuuma na kwa nje magego yote yalipendeza. Ni picha ya eksirei ya wiki iliyopita tu iliyojua lipi limeoza mzizi. Picha ilikuwa kwenye seva. Mashine ya kupigia picha nyingine ilikuwa kwa fundi. Daktari alishika koleo.

"Nadhani lilikuwa la chini, kulia," alisema.

"Unadhani? Daktari, hilo ni jino, si namba ya basi!" Mama Mitambo alifoka kutoka mlangoni.

"Ganzi inaisha, mama."

"Mpige nyingine."

"Nimemvumilia baba yenu," mama mkwe alisema kwa ulimi mzito, "jino halinishindi. Ila ling'olewe lililooza!"

Mama Mitambo akarudi kwenye seva, akamkazia shemeji yake macho.

"Ulipoiondoa ile programu, uliulizwa kama ufute na data zake. Ulijibu nini?"

Meneja aliangalia viatu vyake. "Lile swali lilikuwa na maandishi mekundu. Nikaogopa. Nikafunga dirisha."

"Hukujibu kabisa?"

"Kabisa."

"Mungu akuzidishie uoga, shemeji."

Data zilikuwepo, zimelala pale pale, ila msomaji wake ndiye aliyefukuzwa, na mgeni hasomi mwandiko wa mwenyeji. Ikabidi Mama Mitambo aitafute ile programu ya zamani kwenye ghala la matoleo yaliyopita, aisakinishe upya kando ya mpya, kisha aubembeleze mfumo urudi kwa ile ya zamani. Programu ikalalamika kuhusu hiki na kile. Akaitimizia. Ikaamka. Majina yakaanza kumiminika kwenye skrini, la mama mkwe likiwemo, pamoja na picha yake ya eksirei.

"Juu, kushoto!" alipiga kelele kupitia ukuta.

 Upande wa pili ikasikika taa ikihamishwa taratibu kutoka upande mmoja wa kiti kwenda mwingine.

Jino lilipotoka, bovu kama dhambi, mama mkwe alimwita mwanawe kwa kidole. Meneja akainama amsikilize. Mdomo wa mama ulikuwa umejaa pamba. Alilikamata sikio lake akalisokota.

"Shemeji, nisaidie!"

Mama Mitambo hakunyanyua hata kichwa. Alikuwa anabadilisha nywila ya seva.